Kansa ya Tezi Dume: Msikimbilie Kuuza Shamba

Familia nyingi hutuuliza sisi wauguzi: je, baba mwenye kansa ya tezi dume apelekwe mbali akapasuliwe kwa roboti, hata ikibidi kuuza shamba? Sisi tunasema, msifanye haraka.

Katika upasuaji wa kawaida, daktari hupasua chini ya kitovu na kuitoa tezi yote. Katika ule wa roboti, huongoza vyombo vinavyopitishwa katika matundu madogo. Huko Brisbane, Australia, wanaume 326 waligawanywa kwa kura katika njia hizo mbili, na matokeo yakatangazwa mwaka 2016 na 2018. Waliopasuliwa kwa roboti walipoteza damu kidogo zaidi. Lakini baada ya miaka miwili, uwezo wa kuzuia mkojo na nguvu za kiume vilikuwa karibu sawa kwa pande zote mbili.

Basi, kabla ya kuulizia mashine, ulizeni haya: daktari huyu amefanya upasuaji huu mara ngapi? Kansa imekwisha kutoka nje ya tezi? Ni lazima kupasua sasa? Maana kansa nyingine hukua polepole sana, na nyingine hutibiwa kwa mionzi.

Akina mama, msiwaache waume zenu waende kuuliza peke yao. Akina baba, msione haya kusema habari za mkojo. Mkono uliozoea kazi una thamani kuliko jina la mashine, na aliyechelewa sana hata roboti haitamponya.