Mheshimiwa, Ulisema Nini Jumanne?

Na Mwanachama wa Kidato cha 3

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mjumbe hauawi. Walijua kuwa mjumbe hubeba maneno ya waliomtuma. Na mbunge ni nani kama si mjumbe? Basi wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, nanyi walimu wetu wapendwa, naomba kuuliza: sisi watu wa Karungu tunajua mjumbe wetu amebeba maneno gani? Simsemi mbunge fulani, awe wa sasa au wa zamani. Tunaosemwa hapa ni sisi tunaowatuma.

Kutoka Sori mpaka Muhuru, ukimwuliza mtu mbunge mzuri ni yupi, atakwambia ni yule anayefika matangani, anayetoa noti kwenye harambee na anayejua kucheza ohangla na kina mama. "Huyo ni mtu wa watu," watasema. Mwingine huchukiwa kwa sababu gari lake lilipita sokoni bila yeye kupunga mkono. Lakini sijasikia hata siku moja mtu akiuliza, "Na juzi Bungeni alisema nini?"

Hebu tuangalie kazi yenyewe. Kifungu cha 95 cha Katiba ya 2010 kinasema Bunge la Taifa huwakilisha wananchi, hujadili mambo yanayowahusu, hutunga sheria, hugawa pesa za serikali na kuchunguza zinavyotumiwa. Matanga hayamo. Harambee haimo. Kwa kawaida vikao huwa Jumanne alasiri, Jumatano asubuhi na alasiri, na Alhamisi alasiri. Huko ndiko mswada husomwa mara ya kwanza, hupelekwa kwa kamati, hujadiliwa katika kusomwa mara ya pili, hupitiwa kifungu kwa kifungu na Bunge zima, kisha husomwa mara ya tatu na kupigiwa kura. Huko ndiko mbunge husimama, hungoja Spika amtaje, akauliza swali au akatoa hoja ya nidhamu mwenzake akivunja kanuni.

Sasa nipigieni hesabu hii ndogo. Bunge la Taifa lina wabunge 349 bila kumhesabu Spika. Katiba inasema wakiwapo 50 tu kikao kinaendelea, na kwamba mambo huamuliwa kwa wingi wa waliopo na kupiga kura. Maana yake mswada wa kawaida unaweza kupita kwa kura 26. Jameni, watu 26 kuamulia nchi nzima! Kwa hivyo kiti kitupu si jambo dogo. Katiba yenyewe inalijua hilo, ndiyo maana mbunge akikosa vikao 8 katika kipindi kimoja bila ruhusa ya Spika kwa maandishi wala sababu ya kuridhisha, anaweza kupoteza kiti chake.

Huku kwetu tuna mambo ya kusemewa. Mto Kuja ukivunja kingo, watu wa Nyatike ya chini huhama na mbuzi wao na mahindi hubaki majini. Kuna Migingo, kisiwa cha mawe ambacho ugomvi wake na Uganda ulipamba moto mwaka 2009, na wavuvi wetu wakajikuta katikati. Kuna dhahabu ya Macalder. Sheria ya Madini ya 2016 inasema katika mrabaha unaolipwa, asilimia 70 ni ya serikali kuu, 20 ni ya kaunti na 10 ni ya jamii inayoishi penye mgodi. Hiyo 10 iliandikwa Bungeni, na ni Bungeni pia mtu anaweza kusimama kuuliza imefika wapi. Wavuvi wa Sori wakipiga kelele ufuoni, hata wakipiga usiku kucha, Nairobi haisikii. Mmoja akisema ndani ya Bunge, maneno yake huandikwa katika Hansadi na waziri hutakiwa kujibu.

Najua jibu nitakalopewa. Watu husema, "Mtoto, maneno hayanunui unga. Mheshimiwa akilipia mtoto wangu karo, imetosha." Silidharau neno hilo. Wako tunaosoma nao ambao leo wangekuwa wanavua omena kama si basari ya mfuko wa maendeleo ya maeneobunge. Lakini wee, pesa hizo zilitoka wapi? Hazikutoka mfukoni mwa mbunge yeyote. Zilitokana na mswada ulioletwa na mbunge wa Ol Kalou, Muriuki Karue, ukawa sheria mwaka 2003. Hakuwa waziri. Alikuwa mbunge wa kawaida aliyeandika wazo lake na kulitetea mbele ya wenzake. Kwa hivyo anayesema basari ni bora kuliko maneno amesahau kwamba basari ilizaliwa na maneno.

Mfano wa pili ni Njoki Ndung'u. Alikuwa mbunge wa kuteuliwa, hana eneobunge, hakuna aliyemngoja na bahasha matangani. Lakini ndiye aliyeleta mswada uliokuwa Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, ambayo inamlinda kila msichana wa shule hii.

Mfano wa tatu ni wa jirani. Mwaka 1997, Phoebe Asiyo, mbunge wa Karachuonyo, aliwasilisha hoja ya kutaka wanawake watengewe nafasi zaidi katika uongozi. Wenzake waliiangusha. Je, alipoteza wakati? Hapana. Katiba ya 2010 ilileta viti 47 vya wawakilishi wa wanawake, kimoja kila kaunti, Migori na Homa Bay zikiwemo. Hoja iliyoangushwa hubaki imeandikwa, na anayekuja nyuma huiokota.

Tena tukumbuke kwamba wapo waliolipa kwa ajili ya maneno. Oktoba 1975, Martin Shikuku alisema Bungeni kuna watu wanaotaka kuliua Bunge kama walivyoiua KANU. Alipotakiwa atoe ushahidi, Naibu wa Spika Jean-Marie Seroney alijibu kwamba jambo lililo wazi halihitaji ushahidi. Wote wawili walikamatwa hapo hapo Bungeni wakawekwa kizuizini. Siku hizi Kifungu cha 117 kinalinda uhuru wa kusema Bungeni. Basi anayenyamaza leo miaka mitano nzima anaogopa nini?

Nisisahau lugha yetu. Kiswahili kiliingia Bungeni mwaka 1974, na Kifungu cha 120 kinakiweka sawa na Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Kanuni za Kudumu zinamtaka mbunge aliyeanza kwa lugha moja amalize kwa hiyo hiyo. Sisi tunaofanya midahalo Ijumaa tunajua shida ya mtu anayeanza kwa Kiswahili na katikati akatorokea Kiingereza! Ningependa mambo ya ziwa yasemwe kwa Kiswahili, ili dani nyumbani na mvuvi mashuani wasikie redioni na kujua kama wamesemewa vizuri au la.

Tufanye nini basi? Kwanza, Hansadi si siri. Inapatikana katika mtandao wa Bunge, na chama chetu kinaweza kubandika ubaoni kila muhula yale mjumbe wetu aliyoyasema. Pili, Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Kimesema kila mtu, hakikusema kila mpiga kura. Mimi nina miaka 16, sina kitambulisho, lakini kalamu ninayo. Napendekeza chama kiandike ombi kuhusu kingo za Mto Kuja, kwa Kiswahili sanifu, nasi sote tutie sahihi. Tatu, mheshimiwa akija barazani, tumpigie makofi kwa adabu, kisha mmoja wetu ainue mkono aulize alisema nini Jumanne.

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Wala anayetumwa bila kuulizwa akirudi, hana haja ya kufika alikotumwa.