Kura Isiyopigwa

Katika Kiswahili, jina "kura ya maoni" limebebeshwa mizigo mitatu. Tarehe 4 Agosti 2010 Wakenya walipiga kura ya maoni, tukapata Katiba mpya. Nchini Tanzania, wanachama wa CCM wanapowachuja wagombea wao, husema wanapiga kura za maoni. Kisha vyombo vyetu vya habari hutumia jina hilo hilo kwa uchunguzi wa kampuni inayowahoji watu 2,000 hivi kuhusu urais.

Mimi, kama mwanaisimu, nasema mzigo huu wa tatu haulistahili jina hilo. Kura ni uamuzi. Anayeulizwa "ungemchagua nani?" hajaamua lolote, kiambishi -nge- chenyewe chatuambia kuwa hayo ni ya kudhania tu.

Tutazame hesabu. Sensa ya 2019 ilipata watu 340,671 katika Taita Taveta, kati ya Wakenya 47,564,296. Wahojiwa 2,000 wakigawanywa kwa uwiano huo, kaunti nzima hupata watu 14: watatu au wanne kwa kila eneo bunge, yaani Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta. Kwa Kenya nzima matokeo yaweza kupotoka kwa asilimia 2 hivi, juu au chini. Kwa hao 14, hupita asilimia 25. Je, nani athubutu kutangaza kwamba Taita Taveta "imeamua"? Na mpiga kura akisadiki kwamba imeamua, ataona faida gani kupanga foleni?

Mnamo Agosti 2022, Infotrak ilimpa Raila Odinga asilimia 49 na William Ruto 41. Siku chache baadaye, IEBC ilimtangaza Ruto mshindi kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85.

Sisemi uchunguzi huo upigwe marufuku. Sheria ya mwaka 2012 yamtaka mchapishaji ataje aliyeugharimia, idadi ya waliohojiwa na maswali yaliyoulizwa. Sharti hilo lina maana, kwani mwamba ngoma huvutia kwake.

Basi walimu wenzangu, wafundisheni wanafunzi kuuliza: Nani alihojiwa? Kwa swali lipi? Kwa Kidawida, Kitaveta au Kiswahili? Nani alilipa? Nasi sote tuuite "uchunguzi wa maoni". Jina la kura tuliachie karatasi inayotumbukizwa sandukuni na raia mwenyewe, kwa mkono wake.