Vitivo vya udaktari: kusikiliza profesa peke yake hakutoshi

Tarehe 1 mwezi wa nane 2018, Ebola ilitangazwa katika Kivu ya Kaskazini. Wagonjwa wengi walifika kwenye vituo vya afya wakiwa na homa, kichwa kuuma na uchovu, dalili zile zile za malaria na tifoidi ambazo waganga wa Beni na Butembo huziona kila siku. Ugonjwa ulipotangazwa kuwa umekwisha, mwezi wa sita 2020, watu zaidi ya 2.200 walikuwa wamekufa. Kati ya walioambukizwa walikuwemo wahudumu wa afya.

Mbele ya mgonjwa wa namna hiyo, kukariri ukurasa wa silabusi hakusaidii sana. Daktari anapaswa kujua kuuliza: umetoka wapi, umemhudumia nani, umeshiriki mazishi gani? Na kuuliza hivyo ni kitu cha kujifunza.

Lakini wapi? Katika vitivo vingi vya udaktari vya mashariki mwa Congo, masomo yanatolewa bado kwa njia moja: profesa mbele, auditwari imejaa, wanafunzi wanaandika, kisha mtihani unarudisha yale yale ya silabusi. Profesa mgeni akifika kutoka Kinshasa ao Lubumbashi, somo la muhula mzima linaweza kumalizwa kwa siku chache, asubuhi mpaka jioni. Hata kichwa chepesi kinachoka.

Kuna njia nyingine, na si mpya. Chuo kikuu cha McMaster, Canada, kiliianza mwaka 1969; Maastricht ya Uholanzi ikafuata miaka ya 1970. Karibu na sisi, kitivo cha udaktari cha Moi, Eldoret nchini Kenya, kiliichagua tangu kilipopokea wanafunzi wake wa kwanza, mwaka 1990. Wanafunzi wanane hivi wanakaa na mwalimu mmoja, wanapewa kisa: mtoto wa miaka mitatu, homa siku nne, degedege usiku. Wanasema wanachokijua, wanaandika wasichokijua, wanagawana kazi ya kutafuta, wanarudi baada ya siku chache kubishana. Mwalimu anaongea kidogo. Anayekaa kimya kwa sababu hakusoma anaonekana mara moja, jambo ambalo auditwari ya watu mia tatu haiwezi kufanya.

Tusidanganyane: njia hiyo si dawa ya kila kitu. Uchunguzi uliolinganisha njia hizi mbili, kuanzia miaka ya 1990, ulionyesha kwamba wanafunzi wa vikundi walifanya vizuri zaidi kwa mgonjwa, lakini katika mitihani ya masomo ya msingi kama anatomia wakati mwingine waliachwa nyuma kidogo na wale wa auditwari. Kwa hiyo profesa anayejua kueleza mzunguko wa damu kwa saa moja, aendelee kueleza.

Kizuizi kikubwa ni watu. Darasa la wanafunzi 240 linahitaji vikundi 30, na hakuna kitivo hapa chenye maprofesa 30 wa kukaa navyo. Kununua viti na ubao ni rahisi. Kulipa mwalimu kwa wakati ndiyo shida, kila mtu anajua. Lakini maasistenti wapo, na madaktari wa hospitali wanaopokea wanafunzi wa staji wapo. Wafundishwe kuongoza kikundi, na saa hizo zilipwe kama saa za somo, si kama msaada.

Kuanza kunawezekana hata sasa: mchana mmoja kila juma, mwaka mmoja wa masomo, visa kutoka hospitali za hapa hapa. Wizara ya elimu ya juu imeleta mfumo wa LMD, ambao unahesabu pia kazi ya mwanafunzi mwenyewe. Nafasi ipo kwenye karatasi. Mtihani nao lazima ubadilike siku ile ile. Mwanafunzi akijua kwamba mwisho wa mwaka ataulizwa silabusi tu, ataacha kikundi na kurudi kukariri, na hakuna atakayeweza kumlaumu.