Chembechembe za Shea Hazina Hatia

Mteja akifungua kopo la krimu ya shea iliyotengenezwa nyumbani, akaipaka na kuhisi vijipunje kama mchanga, hukumu hutoka papo hapo: imechakachuliwa. Ile iliyo nyeupe na nyororo hupita bila swali. Watengenezaji wenyewe wanaiamini hukumu hiyo, ndiyo maana wakiona chembe hukimbilia kuongeza kitu: nta kidogo, kijiko cha wanga wa mahindi, wengine hata maji. Rai hii imezoeleka, lakini haina msingi. Chembe hizo ni mafuta yenyewe. Zinachosimulia ni jinsi krimu ilivyopoa.

Siagi ya shea ina mafuta ya tabia mbalimbali ndani yake. Yapo yenye asidi ya steariki kwa wingi, ambayo huganda mapema, na yapo yenye asidi ya oleiki kwa wingi, ambayo huchelewa kuganda. Yakiyeyushwa pamoja kisha yakaachwa mezani yapoe taratibu, yale magumu hutangulia kuganda, hukusanyika, na kila punje hupata nafasi ya kukua. Yakipozwa haraka huku yanakorogwa, punje nyingi huanza kwa wakati mmoja na kubaki ndogo kiasi kwamba ngozi haizihisi. Shea ni ileile.

Anayetilia shaka na aitazame samli. Ikipozwa polepole hufanya chengachenga, na walaji wengi huzihesabu kuwa dalili ya samli nzuri. Hatuwezi kulisifia jambo hilo jikoni, kisha tukaligeuza kosa mbele ya kioo.

Kwa hiyo kuongeza viungo hakutibu kitu. Nta ya nyuki, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hivi, huifanya krimu iwe ngumu na nzito mwilini. Wanga hupunguza mng'ao wa mafuta, lakini hauyeyuki ndani yake. Tiba ni kuirudisha krimu yote kwenye joto. Iwekwe katika bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, na hata ikishakuwa angavu iachwe humo kwa muda, maana punje iliyosalia huwa mbegu ya nyingine. Kisha bakuli lihamie kwenye maji ya barafu, na mkono usiache kukoroga mpaka krimu iwe nzito kama uji. Hapo ndipo ichapwe kwa mchapo au mashine ya keki. Kuchapa huingiza hewa, na hewa ndiyo inayoigeuza rangi ya manjano hafifu kuwa nyeupe. Weupe huo unaosifiwa kuwa usafi ni mapovu madogo tu, na kopo lililojaa hewa lina mafuta machache kuliko linavyoonekana.

Wako wanaosema kwamba fundi hodari krimu yake haitoi chembe, hivyo chembe ni uzembe. Ni kweli nusu. Krimu inaweza kuondoka Arusha ikiwa nyororo, ikayeyuka nusu ndani ya buti la basi, ikaganda tena polepole usiku jijini Dar es Salaam, na asubuhi mteja akamlaumu mtu asiyehusika. Mapishi nayo hayasafiri vizuri. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi: Njombe mwezi Julai yameganda, Tanga mwezi Februari ni majimaji kutwa. Shea ya kaskazini mwa Uganda ni laini kuliko ya Ghana, kwa hiyo anayefuata vipimo vya Afrika Magharibi akitumia shea ya Uganda atapata krimu legevu. Hapo nta ina kazi yake halali: iongezwe kidogo pwani ili krimu istahimili joto, ipunguzwe nyanda za juu.

Sikatai kwamba wanunuzi wana sababu ya kuogopa. Mikorogo yenye zebaki na haidrokwinoni imeharibu ngozi za watu wengi. Lakini sumu hizo hazigunduliki kwa kidole, na krimu yenye zebaki inaweza kuwa nyororo kuliko zote sokoni. Anayepima usalama kwa ulaini amechagua kipimo ambacho tapeli hukishinda kwa urahisi.

Hatari kubwa ya krimu za nyumbani iko kwenye maji. Ute mbichi wa mshubiri au maji ya waridi, yakiunganishwa na mafuta kwa nta maalumu ya kazi hiyo, hutoa losheni nyepesi na ya kupendeza. Palipo na maji, bakteria na kuvu nao hustawi, tena katika joto la pwani hawahitaji siku nyingi, na huweza kuzaliana kabla ukungu haujaonekana. Wengi hujifariji kwa matone ya vitamini E. Vitamini hiyo huchelewesha mafuta kuchacha, haiui vijidudu. Losheni ya maji inahitaji kihifadhi halisi, kwa kipimo kilichoelekezwa. Kati ya losheni nzuri isiyo na kihifadhi na krimu ya mafuta matupu yenye chembe, nitachagua chembe.

Mnunuzi basi aulize: ina maji? Kama inayo, imewekwa kihifadhi gani, na ilitengenezwa lini? Vijipunje avisugue viganjani. Vya shea vitayeyuka kwa joto la mwili. Visivyoyeyuka ndivyo vya kuulizia. Na mtengenezaji aache kuvionea aibu. Aandike kwenye lebo kwamba krimu ikikaa kwenye joto inaweza kufanya chembe, na aeleze namna ya kuiyeyusha na kuipoza upya. Lebo ya namna hiyo itamjengea uaminifu ambao wanga na nta haviwezi kumnunulia.