Acheni Kuficha Namba za Saa!

Leo naweka programu kando kidogo kwa sababu nina ugomvi na watu ninaowapenda: wakusanyaji wa saa za kijeshi za wapiga mbizi.

Kwa wale wasiozijua, hizi ni saa za mkononi ambazo majeshi ya wanamaji yaliwapa wapiga mbizi wao. Ufaransa ilitumia Blancpain Fifty Fathoms, iliyotoka mwaka 1953, na pia Tudor zenye herufi MN mgongoni. Uingereza, katika miaka ya 1970, ilinunua Rolex Submariner zilizotengenezwa kwa kazi hiyo: akrabu pana kama upanga, vyuma vya kushikia ukanda vilivyochomelewa visichomoke, na herufi T ndani ya duara kuonyesha kwamba rangi yake ya kung'aa gizani ina tritiumu. Mgongoni zilichongwa mshale wa serikali, 0552 ambayo ni alama ya wanamaji, kisha namba ya saa yenyewe na mwaka.

Saa hizo mnadani leo hupita dola 100,000. Submariner ya kiraia ya miaka hiyohiyo haifikii hata nusu ya bei hiyo. Kinachozitenganisha ni vipande vichache vya chuma na maandishi ya mgongoni. Jamani, fundi mwenye mashine ya kuchonga atakosa kishawishi hapo?

Na wakusanyaji wamejibu vipi? Kwa siri! Wakionyesha picha, tarakimu za mwisho wamezipaka nyeusi. Ukiuliza maandishi halisi yanafananaje, unaambiwa hayo hayasemwi hadharani, waghushi watajifunza.

Mimi mwenyewe yamenikuta. Mwaka jana nilitaka kununua CWC ya miaka ya 1980, saa iliyozifuata Rolex katika jeshi hilohilo, na bei yake ni nafuu zaidi. Muuzaji alinitumia picha, kidole gumba kikiwa juu ya namba. Nikawauliza wakongwe watatu. Mmoja akasema ni nzuri, wa pili akasema ni feki, wa tatu akacheka tu. Hakuna aliyenieleza sababu. Nikaiacha.

Sisi wa kompyuta tunaujua ugonjwa huu. Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs aliandika kwamba mfumo wa mawasiliano ya siri ya jeshi haupaswi kuharibika hata ukiangukia mikononi mwa adui. Kinachofichwa ni ufunguo tu. Kama usalama wako unategemea adui asijue kufuli limetengenezwaje, basi huna kufuli.

Tena siri hii mnamficha nani? Mghushi ana pesa. Ananunua saa moja halisi, anaifungua, anaipima, anainakili. Asiyejua kitu ni mnunuzi mgeni, yule anayeweka akiba miaka mitano.

Mtasema tukitoa namba, waghushi watazinakili. Wazinakili! Namba moja ikijitokeza mara mbili, tunajua moja ni feki. Leo namba ileile inaweza kuuzwa miji kumi na wanunuzi kumi wasijue, kwa kuwa kila mmoja ameifunika yake.

Mtasema wezi watatufuata nyumbani. Nani kaomba jina lako? Orodha inahitaji namba ya kasha, namba ya jeshi, mwaka, picha ya mgongo na tarehe ilipoonekana mara ya kwanza. Ni jedwali moja lenye safu tano, linalokataa namba kurudiwa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analiunda wikendi moja.

Nakubali, orodha haitathibitisha kila kitu. Mjanja anaweza kubuni namba ambayo haijawahi kuonekana. Lakini saa isiyojulikana kwa miaka 50 ikizuka ghafla wiki moja kabla ya mnada, angalau tutajua ni mgeni, nasi tutamhoji kama mgeni.

Kwa sasa uhalali wa saa ni neno la wazee wachache, na baadhi yao ndio hao hao wauzaji. Sisemi ni wezi. Nasema wamejenga nyumba ambayo mwizi anaishi raha mustarehe.

Mkusanyaji wa kwanza atakayetoa namba zake hadharani, hiyo hifadhidata nitamjengea bure. Kazi kwenu.