Zima Sauti, Mjukuu Wangu

Hapa Saint Paul theluji imetufungia ndani na chai ya tangawizi haitoki jikoni.

Wiki iliyopita mwanangu, anayesoma chuo kikuu Minneapolis, alirudi nyumbani na kazi ya darasa la filamu. Waliambiwa wachague filamu moja ya zamani, kati ya zile zilizotengenezwa kuvuta watu kwa damu na vitisho, waeleze imewaonyesha vipi watu weusi. Yeye alichagua "Africa Addio" ya mwaka 1966, kazi ya Waitaliano Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi.

"Mama," akaniambia, "humu mna Zanzibar. Mapinduzi yenyewe."

Moyo ulinipasuka. Mama yangu, tunayeishi naye, alikuwa msichana wa miaka 14 pale Unguja tarehe 12 Januari 1964. Hajawahi kutusimulia zaidi ya maneno mawili matatu.

Sifa mbaya za filamu hiyo nazijua. Msimulizi wake anaizungumzia Afrika kama mtoto aliyeachwa na Ulaya kabla hajakua. Hapa Marekani ilikatwakatwa, ikauzwa kwa jina la "Africa Blood and Guts". Mhakiki Roger Ebert wa Chicago aliishutumu mwaka 1967 kuwa ni ya kibaguzi na isiyo kweli. Lakini mwiba uko hapa: picha zake za Zanzibar, zilizopigwa kutoka angani, watu wakikimbilia ufukweni na maiti zimelala, ni miongoni mwa picha za sinema chache mno zilizobaki za siku zile. Ukiitupa, unatupa na ushahidi.

Nilitaka tumfiche Bibi. Wapi! Alishasikia. Akaja na kanga yake mabegani, akaketi, akatazama kidogo.

"Mjukuu wangu, zima sauti."

Akaizima. Tukatazama kimya mpaka mwisho wa sehemu ile. Kisha Bibi akasema, "Hawa wametupiga picha kutoka juu, kama siafu. Hawakushuka kuuliza. Wangeshuka, ningewaambia kwamba sisi walotuita Waarabu tulifichwa siku tatu uvunguni kwa jirani yetu Mmakonde, na mkewe akitupikia uji usiku."

Akamtaja jirani yule kwa jina lake na la baba yake. Mwanangu akaliandika.

Awali alikuwa amehesabu Waafrika wangapi wanaonekana kwenye filamu. Ni wengi kupita kiasi! Usiku ule akaanza upya na swali jingine: ni nani anayepewa nafasi ya kujieleza? Akamlinganisha na Barkhad Abdi, Msomali wa hapa hapa Minneapolis, aliyeteuliwa kuwania Oscar kwa "Captain Phillips" ya mwaka 2013. Aliigiza haramia, ndiyo, na wapo Wasomali waliochoka kuonekana maharamia tu. Hata hivyo haramia yule ana jina, ana shida zake, na anazisema kwa kinywa chake.

Wazazi wenzangu, watoto wetu watakutana na picha hizi, darasani au kwenye simu. Tusikimbilie kuzificha. Tukae nao, tuzime sauti ya msimulizi, tumpe nafasi mzee aliyekuwapo. Nanyi wanafunzi, pigeni simu nyumbani mapema. Wazee hawatusubiri.

Bibi ameniomba nimtafutie watoto wa yule jirani. Nimeshaanza kuuliza.