Barabara ya Mtaa Si Yadi ya Malori: Wito kwa Wakazi wa Juba

Ndugu zangu wakazi wa Juba, wa Munuki na Kator, wa Gudele na Gurei, wa Hai Malakal, Tongping na Atlabara, na nyinyi wa ng'ambo ya mto kule Gumbo na Sherikat: magari yanayokimbia tumeyalaumu vya kutosha. Leo naomba tuzungumzie yaliyosimama.

Tazama kona yoyote ya mtaa saa moja asubuhi. Boza la maji limelala pale tangu jana jioni. Tairi la mbele limepanda njia ya miguu, la nyuma limekalia mtaro, na ubavu wote umeziba kona. Mtoto wa shule akifika hapo hana pa kupita ila katikati ya barabara, na kabla hajajitokeza haoni kitu wala haonekani. Sasa piga hesabu. Pikipiki inayokwenda kilomita 50 kwa saa husogea karibu mita 14 kila sekunde. Dereva hodari huhitaji kama sekunde moja kati ya kuona na kukanyaga breki, kwa hiyo mita 14 zinakwisha kabla breki haijaguswa, na bado kuna vumbi na changarawe za kuteleza juu yake. Mwendo ukishuka hadi kilomita 30, sekunde ile ile hula mita 8 tu. Lakini kama boza limemficha mtoto hadi hatua ya mwisho, hata hizo mita 8 ni nyingi. Dereva wa boda atakamatwa, watu watampigia kelele, pengine watampiga. Aliyeegesha boza atakuja saa mbili, awashe injini, aende zake kuchota maji mtoni.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria katika ripoti yake ya 2023 kwamba ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 kila mwaka, na kwamba ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wapanda pikipiki. Hao ndio sisi, maana wengi wetu Juba tunatembea au tunapanda boda.

Sisi pia tuna shida ambayo ndugu zetu wa Kampala na Nairobi hawaijui. Sudan ilihama upande wa kushoto wa barabara kwenda kulia mwaka 1973, na sisi tukabaki na kulia hadi leo. Uganda, Kenya na Tanzania wanaendesha kushoto. Magari yetu mengi ni ya mitumba kutoka Japan, yanaingia kwa barabara ya Nimule, na yaliundwa kwa nchi za kushoto. Matokeo yake unayaona kila siku kwenye masoko ya Custom na Konyo Konyo. Mlango wa matatu uko ubavu wa kushoto, na kushoto kwetu ni katikati ya barabara. Mama anashuka na kikapu chake, mguu wa kwanza unakanyaga lami palepale boda zinapopita. Na ikiwa ukingo wa barabara umejaa malori yaliyoegeshwa, matatu husimama safu ya pili, na mama huyo anashukia mbali zaidi na usalama.

Dereva mwenye usukani wa kulia naye amefungwa macho. Akikwama nyuma ya lori lililosimama, kiti chake kiko upande wa mtaro. Ili aone kinachokuja mbele hana budi kuutoa mwili wote wa gari barabarani, ndipo macho yake yafuate. Akishaona, amekwisha chelewa. Kwa hiyo katika mji huu kila gari lililoegeshwa vibaya lina hatari zaidi kuliko ambayo lingekuwa nayo Jinja au Eldoret. Usukani wa magari yote hatuwezi kuuhamisha mwaka huu. Mahali pa kuegesha tunaweza kupabadilisha.

Nani wa kupabadilisha? Baraza la Jiji la Juba liliundwa 2011. Katiba ya Mpito ya mwaka huohuo inasema serikali ya mitaa ndiyo ngazi iliyo karibu zaidi na wananchi, na Sheria ya Serikali za Mitaa ya 2009 imeweka chini ya jiji mabaraza ya bloku, na chini yake mabaraza ya mitaa. Ngazi zipo. Ila polisi wa trafiki wako chini ya polisi ya taifa, na kazi yao tunaiona kwenye barabara kuu na vizuizi. Ndani ya mitaa, boza linalala ambapo dereva amechoka.

Tumezoea kungoja amri itoke juu. Amri zimetoka, na baadhi zilikuwa kali. Septemba 2013 serikali ilipiga marufuku wageni kuendesha boda boda. Amri ile ilimbadilisha aliyeshika mpini wa pikipiki, lakini kona zilibaki na upofu uleule. Tumejifunza pia kwamba meya wa jiji letu huteuliwa na kuondolewa kwa amri, na mameya wamepishana wengi tangu 2011. Ahadi ya mdomo ya meya inaondoka na gari lake. Kura ya kumtisha nayo hatuna bado: tangu uhuru uchaguzi umekuwa ukisogezwa, na ule wa Desemba 2024 ukapelekwa Desemba 2026. Ndiyo maana nasema tuombe azimio la maandishi, lenye muhuri, litakalobandikwa kwenye ofisi ya kila bloku na kumkuta meya ajaye likiwa ukutani.

Azimio hilo liseme mambo matano.

Kwanza, kona ziachwe wazi. Hatua kumi kutoka kila njia panda, kila geti la shule, kila zahanati na kila kisima, gari lolote lisisimame, mchana wala usiku. Alama si ghali: mawe yaliyopakwa chokaa au matairi mabovu yaliyozikwa nusu yatatosha.

Pili, malori na maboza yalale yadi. Kila bloku itengewe kiwanja pembezoni, chenye mlinzi na ushuru mdogo, na matanki ya mafuta yawe na chake, mbali na nyumba kabisa. Tusisahau tanki la mafuta la Maridi, Septemba 2015. Tanki lile halikuwa limeegeshwa. Lilianguka njiani, watu wakakimbilia kuchota mafuta, likalipuka na kuua zaidi ya watu 170. Lakini tulijifunza pale moto wa tanki moja unaweza kufanya nini watu wakiwa karibu. Kwa nini basi tulilaze karibu na jiko la mkaa la mama ntilie?

Tatu, kwenye vichochoro vya viwanja vya daraja la tatu, ambako magari mawili yanapishana kwa kuombana radhi, magari yaegeshwe upande mmoja tu. Nyumba ikishika moto au mama akishikwa na uchungu usiku, gari la kumwokoa lipate pa kupita.

Nne, matatu zipewe vituo vilivyo nje ya barabara, vyenye nafasi ya kukanyaga pande zote mbili. Hadi hapo, kondakta awe wa kwanza kushuka, asimame nyuma ya mlango, azuie boda mpaka abiria wa mwisho amevuka. Hili halihitaji hata pauni moja.

Tano, hesabu. Ushuru wowote wa maegesho utolewe risiti, na kila baada ya miezi mitatu bloku itangaze fedha ngapi zimekusanywa na zimefanya nini. Sheria ya Haki ya Kupata Habari ipo tangu 2013. Tuitumie.

Najua majibu yatakayokuja. Mwenye boza atasema: "Hili ndilo shamba langu. Nikiliacha mbali litaibiwa tairi na betri." Ana haki, na mji huu unakunywa maji yake. Ndiyo maana yadi yenye mlinzi itangulie na katazo lifuate. Akifukuzwa kona hii bila kuonyeshwa pa kwenda, atahamia kona ya jirani. Mwingine atasema nchi ina njaa, mafuriko na mishahara iliyochelewa, mtu gani ana muda wa maegesho? Nami nitamjibu kwamba mambo hayo makubwa hayaamuliwi kwenye mtaa wetu, lakini hili linaamuliwa. Wa tatu atanong'ona: "Na V8 yenye vioo vyeusi ikisimama kwenye geti la shule, nani atagonga kioo?" Mtu mmoja asigonge. Lakini mkubwa huyo naye ana watoto, ana dereva, na ana mtaa wenye baraza. Alama ya chokaa iliyowekwa na mtaa mzima, yenye azimio nyuma yake, inampa hata yeye sababu ya kusogea mbele kidogo bila kuvunjiwa heshima.

Wanaosema hili ni jambo la nchi tajiri, nawaomba wayatazame magari yao wenyewe. Toyota uliyoinunua ikiwa imetumika, ilipokuwa mpya kule Japan, mnunuzi wake wa kwanza kwa kawaida alitakiwa kupata cheti cha polisi kinachothibitisha kwamba ana mahali pa kuiegesha nje ya barabara, si zaidi ya kilomita mbili kutoka nyumbani kwake. Sheria hiyo ni ya 1962, Japan ilipokuwa bado inajijenga baada ya vita. Wajapani haohao ndio waliotusaidia kujenga Daraja la Uhuru, lililofunguliwa Mei 2022. Tumepokea magari yao na daraja lao. Hekima ya maegesho nayo haina ushuru wa forodha.

Na kama Japan ni mbali, Dar es Salaam si mbali. Huko shirika la Amend lilianza kutengeneza mazingira ya shule za msingi zilizokuwa zikipoteza watoto barabarani: njia ya miguu, matuta, vivuko, nguzo fupi za kuzuia magari yasipande wanapopita wanafunzi. Kazi hiyo ikaenea miji mingine ya Afrika, na mwaka 2019 ikashinda tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya WRI. Hawakuanza na barabara ya juu. Walianza kwa kuuliza shule ni zipi na watoto wanagongwa wapi.

Basi tufanye hivi. Jumamosi hii, watu watano wa kila mtaa watembee na daftari. Waandike kila kona iliyozibwa, kila gari bovu lililoota mizizi, kila sehemu ambapo mtu aligongwa na watu bado wanaikumbuka. Wachore ramani, hata kwa kalamu ya risasi. Jumapili baada ya ibada, na Ijumaa baada ya sala, isomwe mbele ya watu, na mzee wa mtaa awepo. Mwiteni mwenyekiti wa steji ya boda, maana vijana wake ndio wanaovunjika miguu. Mwiteni mwenye maboza akae mbele, aseme yadi anaitaka wapi. Waiteni kina mama wa sokoni na mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu. Mganda, Mkenya, Mkongo na Mwethiopia wanaoishi mtaani nao waitwe. Barabara haiulizi pasipoti.

Kisha andikeni barua ya ukurasa mmoja yenye madai matano na ramani nyuma. Toeni nakala tatu: moja kwa baraza la bloku, moja kwa Baraza la Jiji, moja kwa polisi wa trafiki. Msiondoke ofisini kabla nakala yenu haijagongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe. Baada ya wiki mbili rudini kuuliza, na mara hii muwe wengi zaidi. Msitoboe tairi, msirushe jiwe, msimtukane dereva. Mkifanya hivyo mtaitwa wahuni, na barua yenu haitasomwa.

Wakati mnangoja jibu, hatua kumi za kona hazihitaji ruhusa ya mtu. Mwombeni aliyeegesha asogee. Wengi watasogea wakiombwa na majirani kumi kwa adabu. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mkazi mmoja anayelalamika kwa dereva huambiwa ana wivu. Mtaa mzima ukisimama hauambiwi hivyo.

Ikiwa mitaa kumi tu ya Juba itapeleka barua zenye madai yaleyale mwezi huu, Baraza halitaweza kusema ni kelele za mtu mmoja. Itabidi liitishe kikao. Na kikao kikiitishwa, tuwe tumejaa ukumbini na daftari zetu mkononi, tukijua kona kwa kona tunachoomba. Wa kwanza kuongea na jirani yake leo jioni awe wewe unayesoma hapa.